Mikorosho Iliyosongamana

Ndugu wakulima wa Mpeketoni na Kwale, kateni mikorosho! Si yote, bali ile iliyosongamana. Mkorosho hutoa maua kwenye ncha za matawi yapatayo jua. Matawi ya miti miwili yakishikana, korosho hupatikana huko juu tu. Chini hakuna kitu. Tena ukungu mweupe unaoharibu maua hupenda penye kivuli kizito.

Wengine huniuliza, "Nikate mali yangu?" Mali gani isiyozaa? Mita 12 kati ya mti na mti zatosha. Miti ikiwa michanga, pandeni kunde katikati.

Anzeni na mti mvivu, baada ya mavuno. Kisiki kikichipua, Bwana Shamba ataonyesha jinsi ya kuunganisha kichipukizi cha mti uzaao sana.