Mkuki Una Macho, Baruti Haina

Wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hii inafaa kwenye tenga la muuza samaki. Haifai mahakamani, wala haifai katika kutunga sheria za uvuvi. Hata hivyo, kila inapotajwa miamba ya matumbawe, ndiyo inayotawala mazungumzo yetu: mmoja akirusha baruti, wavuvi wote huitwa waharibifu, na mwenye mkuki huhukumiwa sawa na mwenye mlipuko. Mimi napinga.

Msomaji atauliza: mzee wa Rujewa, aliyezungukwa na mpunga wa Usangu, anajua nini habari za matumbawe? Kwanza, kabla ya kuwa mkuu wa shule nilikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu pwani ya kusini, miaka ya 1980, na siku za mapumziko nilifuatana na wavuvi hadi miamba ya Msimbati. Pili, maji yapitayo hapa Mbarali huingia Ruaha Mkuu, Ruaha Mkuu huingia Rufiji, na Rufiji humwaga baharini mkabala na Mafia. Akaaye juu ya mto hana haki ya kusema kwamba bahari haimhusu.

Niliyoyaona Msimbati ni haya. Mvuvi alivaa miwani, akavuta pumzi, akazama na mkuki wake. Kule chini alichagua. Changu mdogo alimwacha apite. Pumzi ilipokwisha alipanda juu, apende asipende. Asubuhi nzima alipata samaki wanne na pweza mmoja. Mkuki humlazimisha mtu amwone samaki kabla ya kumwua, na mapafu yake ndiyo hakimu wa kiasi.

Baruti haichagui. Huua mkubwa na mchanga, aliwaye na asiyeliwa. Wengi hupasuka kibofu cha hewa, wakazama, wasiokotwe na mtu. Na nyumba yao huvunjika. Tumbawe hujengwa na wanyama wadogo mno. Yapo ya mviringo yanayokua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Lenye kimo cha mita moja lilianza kujengwa wakati Mwingereza angali mgeni Tanganyika. Mlipuko mmoja hulimaliza mara moja. Kisha vifusi husukwasukwa na mawimbi, na tumbawe changa halipati mahali pa kushika.

Uvuvi huu umekatazwa kisheria nchini tangu 1970, lakini uliendelea kwa miongo kadhaa. Nani alikuwa shahidi wa kwanza wa kila mlipuko? Mvuvi mdogo aliyekuwa majini. Tukimwita naye mhalifu, tutapata wapi shahidi mwingine?

Wapo watakaosema kwamba mkuki nao una hatia. Kweli. Bunduki ya mishale ikiongezewa mtungi wa hewa, ile hukumu ya pumzi huondoka, na samaki wakubwa, ambao ndio wazazi, humalizwa. Kenya ilipiga marufuku bunduki hizo mwaka 2001. Sheria itiiwe. Ninachodai ni kupima makosa, kama mwalimu anavyomtofautisha mtoto aliyechelewa namba na yule aliyechoma darasa. Tena wavuvi wakiaminiwa hujiongoza: Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wenyewe wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wakaufungua na kuvuna.

Sasa nageukia nyumbani, maana si haki kuwasema watu wa pwani peke yao. Sisi tunayo baruti yetu, nayo haina mlio. Ni dawa ya kuulia wadudu wa mpunga inayomwagwa majini ili kambale na perege waelee. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi chini ya Ihefu, na samaki waliosalia hukusanyika kwenye madimbwi. Chupa moja katika dimbwi moja huua mbegu yote ya mwaka ujao. Samaki huyo hupelekwa sokoni, akaingia katika sufuria la mama asiyejua alichonunua, na ng'ombe hunywa maji yaleyale.

Basi serikali zetu za vijiji zisikae zikimkimbiza mzee mwenye mkuki na kijana mwenye ndoano huku anayebeba chupa akipita njia kuu. Na walimu wafundishe jambo moja lililo wazi: chombo cha kuvulia kisichompa mvuvi nafasi ya kumwona samaki na kumwacha mdogo si chombo cha kuvulia. Ni silaha, na shabaha yake ni watoto wetu.