Barafu ya Kilimanjaro: tusome utafiti wenyewe

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu barafu ya Kilimanjaro ungetuonyesha pia ulikozitoa takwimu zako. Kila Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kikivaa theluji mpya, picha zake husambaa kwenye makundi ya WhatsApp na swali lilelile: si walisema barafu itakwisha 2020, mbona ipo?

Waliosema ni mwanasayansi Lonnie Thompson na wenzake, katika jarida la Science mwaka 2002. Waliandika kwamba yaelekea barafu ingetoweka kati ya 2015 na 2020 iwapo hali ya wakati ule ingeendelea. Sharti hilo ndilo linaloachwa. Halafu theluji iliyoanguka jana usiku si barafu ya kudumu. Baada ya siku chache za jua haipo tena. Barafu yenyewe hupimwa kwa kulinganisha ramani na picha za angani za miaka mingi, na kufikia 2007 eneo lake lilikuwa limepungua kwa takriban asilimia 85 tangu 1912. Wapo wanasayansi, kama Georg Kaser, wanaosisitiza zaidi ukavu wa hewa kuliko joto la pale kileleni kuwa chanzo cha kupungua huko. Mimi humwamini zaidi mwandishi anayenieleza na mabishano hayo.

Utafiti wa aina hii hukusanywa katika ripoti za IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Ni bure mtandaoni, lakini muhtasari wake hutolewa kwa lugha sita za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo. Hilo linaniuma. Magazeti yetu yatutafsirie walau muhtasari huo, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na viwango vya uhakika ambavyo wanasayansi huviambatanisha na hoja zao kuu.