Maji ya Mvua Hayaishii Ufukweni

Karibu na mji wa Puerto Morelos, mwambao wa Karibi nchini Meksiko, sakafu ya bahari ina matundu ambayo wenyeji huyaita ojos. Humo hububujika maji ya mvua iliyonyesha bara. Rasi ya Yucatán ni nchi ya mawe ya chokaa na mito ya juu ya ardhi ni adimu. Mvua huzama, hupita mapangoni na kuibukia chini ya bahari. Njiani maji hayo hujaa kaboni dayoksaidi, hata yakitoka pale tunduni pH yake (kipimo ambacho kikishuka tindikali imezidi) huwa kati ya 6.7 na 7.3, ilhali bahari inayoyapokea iko karibu na 8. Yamekuwa yakitoka hivyo kwa maelfu ya miaka.

Toleo hili ni la wanyama wasio na uti wa mgongo wanaoishi kandokando ya chemchemi za namna hiyo: matumbawe, chaza, kome, sifongo. Tumewachagua kwa sababu hawana pa kukimbilia. Samaki asiyeridhika na maji huhama. Tumbawe likishashika mwamba halibanduki tena, na kila kitokacho ardhini hulikuta palepale. Anayetaka kujua nchi kavu inaitendea nini bahari hana shahidi bora kuliko mnyama huyu, maana ushahidi umo ndani ya mifupa yake.

Mwaka 2012 Elizabeth Crook, Adina Paytan na wenzao walichapisha walichokiona Puerto Morelos. Kadiri mtu anavyokikaribia kitovu cha chemchemi, aina za matumbawe hupungua na yaliyopo huwa madogo. Penye maji makali kabisa, ni aina tatu tu zilizokutwa katika kila chemchemi waliyoichunguza: Porites astreoides, Porites divaricata na Siderastrea radians. Ni rahisi kuisoma habari hii kwa faraja, kwamba kumbe bahari ikizidi tindikali yapo yatakayobaki. Lakini aina hizo tatu si wajenzi wakuu wa miamba ya Karibi. Tena mwaka uliofuata watafiti haohao walionyesha kwamba mifupa ya Porites astreoides wa chemchemini ni myepesi, na imetobolewatobolewa zaidi na kome na viumbe wengine wachimbao. Tumbawe hujenga mfupa kwa kuiondoa tindikali katika majimaji yake ya ndani, na kazi hiyo hula nguvu. Hawa walioishi humo tangu uchanga wao hawakuwa wamezoea. Kuishi wanaishi, kujenga ndiko kunakowashinda. Kweli, chemchemi hizo hutofautiana na bahari ya kesho kwa chumvi na virutubisho vyake, lakini sioni jinsi tofauti hiyo inavyoweza kutupa usingizi.

Na si tindikali ya asili pekee inayoshuka na maji hayo. Katika mapango ya mwambao huohuo, unaojaa hoteli mwaka hadi mwaka, wanasayansi wamekuta mabaki ya dawa za binadamu na vipodozi.

Bahrain inatufundisha upande wa pili: maji hayo yakikatwa kabla ya kufika baharini. Huko wapiga mbizi wa lulu walikuwa wakishuka na viriba, wakavijaza maji matamu kwenye chemchemi za chini ya bahari, wakapanda navyo jahazini. Katika maji ya lulu ya Ghuba walifanya kazi pia watu waliochukuliwa utumwani kutoka mwambao wetu wa Afrika Mashariki, na historia hiyo ni yetu kama ilivyo yao. Mwaka 2012 UNESCO iliingiza urithi wa lulu wa Bahrain, pamoja na maeneo matatu ya chaza baharini, katika orodha ya urithi wa dunia. Chemchemi zenyewe hazikusubiri heshima hiyo. Visima na pampu za karne ya 20 vilivuta maji ya miamba mpaka nyingi zikanyamaza.

Sasa tujitazame. Sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja ni maweni, na pwani ya Kenya nayo ina mwamba wa matumbawe ya kale. Mwamba huo hunywa mvua, hunywa pia maji ya makaro, na vyote huvipeleka baharini. Huku juu tunachimba visima kana kwamba maji yanayofika pwani yamepotea bure.

Mhandisi anayepima kisima cha hoteli huuliza kitatoa lita ngapi, na chumvi itaingia lini. Nataka sheria imlazimishe kuuliza na la tatu: maji haya yalikuwa yanakwenda kwa nani? Jibu aanze kulitafuta kwa kina mama waokotao chaza na kuchokoa pweza, maana wanajua wapi mchanga hutoa maji matamu bahari inapokupwa. Ramani hiyo ichorwe pamoja nao, kabla mashine ya kuchimba haijashushwa garini.