Paa si la Mwenye Nyumba Peke Yake

Mvua zikikatika mwezi wa Mei, mafundi wa kupaua wa Mbeya na Iringa huingia msimu wao. Bati lililoliwa na kutu linashuka, la rangi linapanda, na kila mwenye nyumba anataka kazi iishe kabla ya mvua za Novemba. Msimu huo una maneno yake pia, yanayopita kwa fundi, kwa muuza bati na kwa jirani mpaka yanasikika kama sheria. Mengine yana chembe ya ukweli. Mengine yanahatarisha watu, na hayo ndiyo yanayonifanya niandike.

“Kibali ni cha nyumba mpya. Paa ni ukarabati tu.” Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haikuishia kwenye nyumba mpya. Inakataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na kazi za ujenzi ni sehemu ya huko kuendeleza. Mbeya mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Jiji. Iringa mjini ni Halmashauri ya Manispaa. Nakubali kwamba kubadili mabati matatu yaliyotoboka kwa mengine ya aina ileile si sawa na kung’oa kenchi zote, ndiyo maana kuna kibali cha ukarabati mdogo ambacho ni chepesi zaidi. Ila anayeamua kazi yako iangukie wapi ni mkaguzi wa majengo wa halmashauri, si fundi uliyepatana naye bei. Ushauri wangu ni huu: umbo, kimo, uzito au mahali maji yanapomwagikia vikibadilika, usijiambie kwamba unakarabati tu.

“Mwenyekiti wa mtaa ameridhia.” Ni vizuri ajue, maana ndiye atakayeamua ugomvi wa kwanza na jirani. Kibali cha ujenzi hana mamlaka ya kukitoa.

“Nina hati, paa ni langu.” Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote nchini ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Hati inakupa haki ya kuitumia kwa muda, iwe miaka 33, 66 au 99, tena kwa masharti yaliyoandikwa humohumo. Wengi hatuyasomi. Na hata tukiiacha sheria pembeni, Iringa imekaa juu ya mteremko unaoshuka kuelekea Ruaha Mdogo, na Mbeya imejibanza chini ya milima. Ukirefusha paa nusu mita upande wa bondeni bila gata, maji ya msimu mzima yanachimba msingi wa mwenzako. Huwezi kumwambia kwamba maji hayo nayo ni yako.

“Bati au vigae, yote ni paa.” Hili ndilo kosa zito kuliko yote, na nalisikia kwa watu waliosoma. Bati la geji 28 lina kama kilo 4 kwa mita ya mraba. Vigae vya udongo au saruji vinafika kilo 40 na zaidi. Nyumba yenye paa la mita za mraba 120 inatoka kwenye nusu tani hadi karibu tani 5, juu ya kenchi zilezile na kuta zilezile za tofali za kuchoma. Tena sisi tunaishi kwenye Bonde la Ufa: tetemeko la Rukwa la Desemba 1910, lenye ukubwa wa takriban 7.4, ni miongoni mwa makubwa kabisa kupimwa Afrika. Ardhi ikitikisika, uzito ulio juu ndio unaovuta kuta.

Kinyume chake nacho kina hatari, ingawa hakisemwi. Nyumba za zamani za misheni na za serikali zilizoezekwa vigae zilitulizwa na uzito wa vigae vyenyewe. Ukiviondoa ukaweka bati jepesi, upepo unapata cha kubeba. Kenchi zinapaswa kufungwa upya kwenye lenta kwa nondo au vyuma, na papi kukazwa kwenye kenchi. Mchoro wa kibali unamlazimisha mtu afikirie hilo kabla fundi hajapanda ngazi.

“Paa la kuficha ni mtindo tu.” Kuta zinapandishwa, mwinuko wa bati unapunguzwa, na maji yote yanakusanywa kwenye mfereji mmoja uliojificha. Mfereji ukiziba Februari, maji yanaingia ndani. Hiyo ni nyumba nyingine, na inahitaji mchoro mwingine.

“Hili la asbestosi tunalivunja asubuhi, jioni tumemaliza.” Tafadhali, hapana. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbestosi husababisha saratani, na ugonjwa hujitokeza miaka mingi baada ya kuvuta vumbi lake. Anayelivuta kwanza ni kijana wa kibarua aliyepewa nyundo, kisha watoto wanaochezea vipande vilivyobaki uani. Ni taka hatarishi: uliza NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, namna ya kuliondoa na mahali pa kulizika.

“Masharti ya sura ya majengo ni ya Mji Mkongwe, Zanzibar.” Kwa sehemu kubwa ni kweli, sisi hatuna mamlaka ya hifadhi kama yao. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamruhusu waziri kutangaza jengo kuwa la kulindwa, hata la enzi ya Wajerumani. Boma la Iringa lilikarabatiwa likawa makumbusho mwaka 2016, na watu wanalipa kuliona. Mwenye jengo la zamani aulize kwanza kabla ya kushusha kigae.

“Kibali ni kupoteza muda na fedha.” Hapa nawaelewa wanaolalamika. Mtu mwenye nyumba ya vyumba vitatu, anayetaka bati jipya mahali pa bati la zamani, hapaswi kuzungushwa kama anayejenga ghorofa. Halmashauri zetu zibandike kwenye kila ofisi ya kata karatasi moja inayotaja kazi gani inahitaji mchoro na ipi haihitaji, ada ni kiasi gani, na jibu linatoka baada ya siku ngapi. Zifanye hivyo kila Aprili, kabla bati la kwanza halijashushwa.