Ardhi ya Umma Haigawanywi Gizani



Sheria ya mkoloni ya mwaka 1915 iliwakodishia masetla mashamba kwa miaka 999. Babu zetu wa reli wakabaki na chumba kimoja cha landi.

Leo Sheria ya Ardhi ya 2012 yataka tangazo siku 30 kabla ardhi ya umma haijagawanywa, kisha mnada, zabuni au kura, yote hadharani. Hata maombi ya wanyonge yameruhusiwa.

Mbona tukiuliza katika ofisi moja twaambiwa "Ngojeni", kisha asubuhi twakuta seng'enge?

Tusiombe mmoja mmoja mlango wa nyuma. Tuandike barua moja ya kukodi, tutie sahihi sote, tudai nakala yenye muhuri. Asiyetia sahihi leo asilie kesho.

Umoja ni nguvu.