Mlakasa na Chumvi



Binti yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Nakuru, ameniletea swali. Alipokwenda kwao kusalimia wazee aliokota ufuoni mbegu za mlakasa, akazipanda katika debe uani kwake, mtaa wa Bondeni. Mbili zikaota. Kwa kuwa mlakasa ni mmea wa pwani, akawa kila Ijumaa anautilia maji yaliyokorogwa chumvi, ili usiikose bahari. Sasa kingo za majani zimeungua, na mumewe amemshauri atumie maji ya Ziwa Nakuru. Je, afuate?

Jawabu ni kuwa asifuate, na hiyo chumvi aiache. Ziwa lile ni la magadi. Heroe hupata riziki yao humo, lakini bustani haiyawezi maji yake. Na mlakasa, ijapokuwa twauona umetandaa mchangani hadi karibu na mawimbi, hauishi kwa chumvi. Mwenyezi Mungu ameupa uwezo wa kuivumilia mahali ambapo mimea mingine hushindwa. Ukipata maji matamu hushukuru na kusitawi zaidi.

Basi debe na litobolewe chini, kisha litiwe maji matamu mengi, mara kadhaa, hata chumvi ioshwe itoke. Baada ya hapo usinyweshewe mpaka udongo wa juu ukauke. Maji yaliyokingwa wakati wa udhu yatosha. Udongo wa Nakuru, ulio mwepesi kwa majivu ya volkeno, waufaa, hasa ukichanganywa na mchanga. Adui wake huko ni baridi, kwani mji uko kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari. Debe liwekwe penye jua kutwa, kando ya ukuta unaotunza joto hadi usiku. Usiharakishe, huko hautakwenda mbio kama ufuoni.

Atakayeanza upya aikwaruze mbegu kidogo kwa msasa, kisha ailoweke usiku kucha, kwani ganda lake ni gumu kiasi cha kuelea baharini miezi mingi na bado ikaota. Watoto wasizile mbegu hizo. Wala tusiung'oe mlakasa wenyewe ufuoni, maana mizizi yake ndiyo inayoushika mchanga usichukuliwe na maji. Ua lake la zambarau hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo; kesho huja jingine.

Nilipokwisha kumjibu, binti yule aliongeza neno moja: kwamba nyumbani, kila alemewapo na kazi, huambiwa, "Wewe umezoea."

Neno hilo limenikosesha usingizi, kwa sababu nimelisikia katika nyumba nyingi, na mimi mwenyewe nimepata kulitamka. Mke akiwa msubirifu, twamzidishia. Akilea wanawe na wa ndugu bila kunung'unika, twamletea na mgonjwa. Akinyamaza, twadhani ameridhika. Twamtilia chumvi kila Ijumaa, kisha twastaajabu majani yakiungua.

Subira ni ibada, na malipo yake ni kwa Mola. Lakini subira ya mwenzio si ruhusa kwako ya kumwongezea mzigo. Mwenyezi Mungu, naye ni Muumba, haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake; sisi ni nani hata tuupime uwezo wa mwingine kwa kunyamaza kwake? Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mbora wetu ni yule aliye mbora kwa ahali zake.

Kustahimili si kuhitaji. Baba anayesoma safu hii leo na ainuke, amuulize mkewe ni mzigo gani aupunguze, kisha aupunguze. Nawe binti yangu wa Nakuru, mpe mumeo gazeti hili alisome, halafu mwende pamoja mkalitoboe lile debe.

Wabillahi tawfiq.