Kioo cha Paa Kikivunjika, Nani Atamweleza Fundi?

Yamkini msomaji atashangaa kuona mwalimu wa isimu akiacha viambishi na ngeli zake na kuandika juu ya kioo cha gari, tena gari lenyewe la kifahari linaloendeshwa kwa umeme. Mshangao huo una msingi. Magari ya aina hiyo ni machache katika barabara zetu, na wenye uwezo wa kuyanunua ni wachache zaidi. Hata hivyo, naomba tuvumiliane. Nakusudia kuonyesha kwamba kioo cha paa la gari hilo kikivunjika, swali la lugha huzuka mapema kama lile la fedha, na kwamba sehemu kubwa ya jibu lake imo madarasani mwetu.

Tuanze na kitu chenyewe. Zamani paa la gari lilikuwa bati tupu. Baadaye watengenezaji wakalitoboa na kutia kidirisha cha kufungua ili abiria wapate hewa na mwanga. Leo kidirisha hicho kimekua hata kikalimeza paa lote. Gari la Tesla Model S lilipotoka mwaka 2012, mnunuzi aliyekubali kulipa zaidi alipata paa la kioo linalofunguka. Model 3, iliyoanza kuuzwa mwaka 2017, ina paa la kioo lisilofunguka kabisa. BMW iX ya mwaka 2021 inaweza kuwekewa kioo cha paa kinachogeuka kuwa kama ukungu kwa nguvu za umeme ili kupunguza ukali wa jua. Magari ya umeme yamekipenda kioo kwa sababu maalumu. Betri zake kubwa hulazwa chini ya sakafu, sakafu ikainuka, na nafasi ya kichwa ikapungua. Kioo ni chembamba kuliko bati pamoja na boriti na kitambaa chake cha ndani, kwa hivyo hurudisha sehemu ya nafasi iliyopotea.

Kioo cha gari ni cha namna mbili, na hapa ndipo lugha inapoanza kudai haki yake. Namna ya kwanza hupashwa moto hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Uso wake wa nje hubanana na sehemu ya ndani hubaki ikivutana. Kioo hicho huwa na nguvu nyingi, lakini kikishindwa hakiachi ufa: hupasuka chote kwa mara moja kikawa vipande vidogo vidogo. Namna ya pili ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, katikati yake pakiwa na utando wa plastiki. Mkemia Mfaransa, Edouard Bénédictus, alipewa hataza ya kioo cha namna hii mwaka 1909. Hiki kikipigwa hupata ufa, lakini vipande vyake hubaki vimeng'ang'ania ule utando.

Je, sisi tunaviitaje vioo hivi? Katika gereji zetu nyingi vyote viwili huitwa kioo, basi. Na neno kioo lina mzigo mkubwa tayari. Ni kioo cha dirisha, na ni kioo cha kujitazamia. Dereva akisema kwamba kioo chake cha pembeni kimevunjika, hatuwezi kujua kama ni dirisha la mlango au ni kile anachotazamia magari yaliyo nyuma yake. Lakini utata huu usitufanye tudhani lugha yetu ni maskini. Kila mpishi anazijua chenga za mchele. Kwa nini basi kioo kinachopasuka vipande kama hivyo tusikiite kioo cha chenga, na kile chenye utando tukakiita kioo cha tabaka? Vivyo hivyo, paa lote la kioo laweza kuitwa paa la kioo, na kile kidirisha kinachofunguka kikaitwa dirisha la paa. Mwanafunzi anayezijua ngeli zake hatalichanganya paa hili la LI-YA na paa wa mwituni wa A-WA. Siyashikilii majina haya kama mtu aliyeapa. Mwenye mazuri zaidi na ayalete. Ninachosema ni kuwa malighafi tunayo.

Isitoshe, tuna vitenzi ambavyo vingetufaa sana. Kioo chaweza kuchubuka, kumeguka, kuatuka, kupasuka au kupondeka, na kila kitenzi kina picha yake. Kioo cha tabaka kikimeguka kidogo tu, aghalabu huweza kuzibwa kwa gundi maalumu, na hapo ndipo tunapokumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kioo cha chenga hakina ufa wa kuziba, kikipasuka hubadilishwa. Tofauti hii ina uzito hata mbele ya kampuni za bima. Mikataba mingi ya bima nchini huweka kiwango mahususi cha fedha kwa ajili ya kioo cha mbele. Kama paa la kioo limehesabiwa humo au halimo, ni jambo la kusoma katika mkataba wenyewe, na mkataba huo kwa kawaida umeandikwa kwa Kiingereza.

Wapo watakaosema kwamba kutaja majina ni rahisi, ila kazi yenyewe haielezeki kwa Kiswahili. Hebu tujaribu.

Kwanza fundi asome alama ndogo iliyo pembeni mwa kioo ili ajue ni cha namna gani. Kisha afuate maagizo ya mtengenezaji kuhusu kukata umeme. Nyaya nene za rangi ya machungwa zina umeme wa mamia ya volti. Katika Porsche Taycan, iliyotoka mwaka 2019, ni volti 800. Nyaya hizo asiziguse asilani kama hakufunzwa. Akumbuke pia kwamba kandokando ya paa, nyuma ya kitambaa, mna mifuko ya hewa inayofumka wakati wa ajali. Mahali hapo hapatiwi bisibisi kwa kubahatisha. Akishafunika viti na kuondoa vipande vilivyoanguka, ataikata gundi iliyoshika kioo kwa kutumia waya au uzi mgumu. Gundi ya zamani haikwanguliwi yote. Huachwa utando wa milimita moja au mbili, kwa kuwa gundi mpya hushika vizuri juu ya ile ya kale. Bati lililochunwa rangi hupakwa praima ili lisishike kutu. Gundi mpya humiminwa kwa mfululizo pasipo kukatika, na watu wawili hukishusha kioo kwa vikombe vya kunyonya hadi kikae sawasawa.

Hapo kazi haijesha. Gundi hiyo hukauka kwa kufyonza unyevu wa hewani, na muda wake hutegemea joto na unyevu wa siku hiyo. Mwenye gari asiruhusiwe kuondoka kabla ya muda uliowekwa na mtengenezaji wa gundi. Kama ni dirisha la paa, mota yake hufunzwa upya mahali pa kuanzia na pa kuishia, ili likikutana na kidole cha mtoto lirudi nyuma badala ya kukibana. Mwisho, fundi amwage maji juu ya paa atazame kama yanavuja, na ahakikishe mirija inayotoa maji pembeni haijaziba.

Nimeeleza hayo yote bila kuazima ila maneno machache, na hata hayo, kama mota na praima, ni wenyeji wa siku nyingi katika karakana zetu. Basi kikwazo si uwezo wa lugha.

Kosa la neno moja laweza kuleta maafa. Mnamo Novemba 2020 kampuni ya Tesla iliyaita tena magari zaidi ya 9,000 ya Model X ya mwaka 2016 kwa sababu vipande vya mapambo ya paa huenda vilibandikwa bila praima, na vingeweza kung'oka gari likiwa mwendoni. Ikiwa kiwanda kikubwa hivyo chaweza kuruka hatua moja, sembuse kijana aliyeonyeshwa kazi kwa ishara, mbele ya kitabu asichoweza kukisoma? Kijana huyo hasumbuliwi na ujinga. Mikono yake ina elimu ambayo wengi wetu wenye shahada hatuna. Anasumbuliwa na ukuta wa lugha uliosimama kati yake na maagizo yanayomhusu.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba hili ni tatizo la matajiri. Lakini sheria zetu huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika, mradi hayajapita umri wa miaka minane. Gari linalopendeza leo katika mitaa ya London au Tokyo, kesho litashushwa Mombasa, na keshokutwa litakuwa teksi. Nayo mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, na mwaka 2023 ikatangazwa bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari. Gundi, vioo na nyaya za machungwa havibagui tajiri na mchukuzi.

Pingamizi ya pili ni kuwa fundi na ajifunze Kiingereza. Mgala muue na haki yake mpe: Kiingereza kina faida, na anayekipata asikiache. Lakini Wajerumani na Wajapani, ambao magari yao tunayashindania, huwafunza mafundi wao kwa Kijerumani na Kijapani, na hakuna aliyewaambia kuwa wamejinyima maendeleo. Huko Marekani, wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliidhinisha mwaka 2012, na tena mwaka 2020, sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari wawafungulie mafundi wa nje habari za ukarabati. Wao walikuwa na kufuli moja. Sisi tuna mbili. Hata kampuni zikifungua kufuli la kwanza leo hii, fundi wetu wa Kirinyaga Road atalikuta la pili, yaani lugha, likiwa bado limefungwa. Na ufunguo wa kufuli hilo uko mikononi mwetu.

Kwa hakika, sisi wasomi wa Kiswahili tunastahili lawama. Tumetumia miaka mingi tukibishana kama chombo kile kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi, huku mafundi wakiunda maneno kimyakimya bila kutuomba ruhusa. Ni wao waliotupa shokomzoba, rejeta, bampa na klachi. Maneno hayo yamekubali ngeli, yamekubali vokali za mwisho, na yanaeleweka kutoka Mombasa hadi Busia. Istilahi iliyozaliwa kazini huishi. Ile iliyozaliwa kamatini mara nyingi hufia kamusini.

Nini basi kifanyike? Mosi, idara za Kiswahili za vyuo vikuu ziwapeleke wanafunzi wao gerejini kukusanya msamiati, kama zinavyowapeleka vijijini kukusanya fasihi simulizi. Pili, vyuo vya ufundi vifundishe na kutahini kwa Kiswahili sambamba na Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na sioni kwa nini urasmi huo uishie mlangoni mwa karakana. Tatu, kampuni zinazoleta magari haya zitakiwe kutoa maagizo ya usalama kwa Kiswahili, angalau yale yanayohusu umeme, mifuko ya hewa na gundi.

Mapendekezo hayo matatu yanahitaji serikali na fedha. La nne halihitaji ila mwalimu mwenye nia. Katika somo la isimujamii tunawafunza wanafunzi sajili ya mahakamani, ya hospitalini na ya matatu. Tuongeze sajili ya gerejini. Katika uandishi wa kiuamilifu tunawafunza resipe ya pilau. Mwanafunzi akishaimudu, apewe zoezi hili: amweleze fundi, hatua kwa hatua, jinsi ya kubadilisha kioo cha gari bila kuumia na bila kumuumiza mteja. Kisha insha hiyo isomewe fundi halisi, na huyo fundi ndiye awe mtahini. Pale atakapouliza, "Hapa unamaanisha nini?", mwanafunzi atakuwa amejifunza kuhusu usahihi wa lugha jambo ambalo hatalipata katika mazoezi ya kujaza mapengo.

Wanafunzi wengi hutuuliza Kiswahili kitawafaa nini wakimaliza shule. Jibu zuri ni kuwaonyesha kazi inayowangoja, na kazi hii inawangoja. Magari yanakuja tukiyapenda tusiyapende, na vioo vitavunjika. Kijana atakayepanda juu ya paa kukitoa kioo kilichovunjika ana haki ya kuambiwa, kwa lugha anayoielewa sawasawa, ni waya upi usioguswa.